Tupeane uzoefu: uliipataje rekodi ya tiketi yako ya barabarani kwenye mahakama ya kaunti?

Bi Mkubwa wa Iowa
Habari zenu wapendwa mlioko Marekani. Nimeanza kujaza N-400, fomu ya kuomba uraia, na kwenye swali la kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa tiketi na askari nimekwama. Mwaka 2017 nilisimamishwa Texas, nje kidogo ya Houston, natembea maili 81 kwa saa penye 65. Nililipa, nikasahau, nikahama jimbo. Risiti sina, namba ya tiketi sina. Nimepiga simu mahakama ya jiji wakaniambia jina langu halimo. Waliopitia hili naomba mnieleze karatasi zenu mlizipataje. Yaliyowakuta wenyewe, jamani, "nasikia" tuziache.

Matairi Kumi na Nane
Dada, hata mimi nilianza kwa jiji, nikapoteza wiki mbili bure. Texas kitu cha kwanza ni kukumbuka nani alikuandikia. Askari wa jiji anapeleka tiketi mahakama ya jiji. Polisi wa jimbo, sherifu na konstebo wanapeleka kwa Justice of the Peace, hakimu mdogo wa kaunti. Na huyo hakimu si mmoja: kaunti ya Harris, yenye Houston, wako 16, kwenye maeneo 8, kila eneo wawili. Mimi nilishikwa barabara kuu ya I-10 na mtu wa kofia ya kauboi, kwa hiyo polisi wa jimbo. (Usitegemee kofia peke yake lakini, kule kila mtu anaipenda.) Angalia barabara ilikuwa kaunti gani, tena upande gani wa kaunti. "Nje kidogo ya Houston" inaweza kuwa Fort Bend, inaweza kuwa Montgomery.

Na kwa madereva wenzangu wa traki: kulipa ile faini ni sawa na kutiwa hatiani. Mimi nililipa kwa simu nikiwa nimeegesha kwenye stendi ya mafuta, nikaona nimemaliza. Kufungua rekodi, neno liko pale: "Guilty". Ilikuwa maili 17 juu ya kiwango, na kwa mwenye CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara, kuanzia 15 ni kosa kubwa. Ukipata la pili ndani ya miaka 3, unakaa siku 60 bila kuendesha traki. Yale madarasa ya kufuta tiketi wanayosoma wenye gari ndogo, sisi hayatuhusu, hata kama siku hiyo ulikuwa na gari lako la nyumbani.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Maryland tumependelewa. Kuna Case Search, tovuti ya kutafuta kesi ya mahakama za jimbo, bure, unaandika jina, kesi za kaunti zote zinatoka. Ila sikilizeni yaliyonikuta.

Natoka kazini alfajiri, Baltimore-Washington Parkway, nikapigwa tochi. Kila siku naingia Case Search, sioni kitu. Mwezi ukapita. Nikamwambia mume wangu yule askari alisahau kuipeleka, tukacheka, tukala nyama choma. Kisha barua ikaja. Kumbe sehemu ile ya barabara ni mali ya Idara ya Mbuga za Taifa, na aliyenisimamisha alikuwa wa U.S. Park Police. Tiketi yangu ilikuwa ya serikali kuu, inashughulikiwa na Central Violations Bureau, ofisi ya tiketi za serikali kuu. Ningetafuta kwenye kumbukumbu za Maryland mpaka leo! Ukiwa na karatasi yenyewe, soma juu kabisa imeandikwa mahakama gani kabla hujashangilia.

Baba Ushindi
Jambo ndugu. Mimi nilizaliwa Fizi, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikaja hapa 2016. Sisi wengi wa kambini tuliandikiwa Januari 1 kuwa tarehe ya kuzaliwa, mnajua. Na jina langu ni la kawaida sana kwetu.

Niliomba kazi ya ghala, wakasema nina hati ya kukamatwa. Mimi! Nikaenda mwenyewe dirishani kwa karani wa kaunti, na mtoto wangu wa sekondari akitafsiri. Chini ya jina langu na ile Januari 1 zilikuwa kesi nne. Yangu ilikuwa moja, ya mkanda, na ilikuwa imelipwa. Tatu za mtu mwingine, na yeye ndiye hakufika mahakamani. Karani akalinganisha namba ya leseni na anwani, akaona ni watu wawili. Nikaomba aniandikie karatasi yenye muhuri, natembea nayo ndani ya gari hadi leo. Msitafute kwa jina na tarehe tu. Tumieni namba ya tiketi au ya leseni.

Tena, mkalimani wa Kiswahili mahakama inamleta, hulipi wewe. Mimi sikujua, nikamtoa mtoto shule.

Pweza
Yangu fupi na ya aibu. Karatasi imeandikwa 04/05. Mimi nikasoma kama tulivyofundishwa Tanga: tarehe nne, mwezi wa tano. Nikaenda Mei 4 nimevaa suti. Mahakama ilikuwa Aprili 5. Kwenye rekodi yangu kuna herufi FTA, maana yake hakutokea, na chini yake hati ya kukamatwa iliyotolewa kisha ikafutwa. Hakimu alicheka, lakini ule mstari haukufutika.

Bi Mkubwa wa Iowa
Pweza umenichekesha nikiwa kazini 😂 Swali: "Disposed" maana yake imetupwa?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Hapana, hilo linatisha watu bure. Maana yake shauri limekwisha tu, halikuambii limekwishaje. Shuka chini utafute "disposition": hapo ndipo penye hukumu. "Dismissed", hakimu amelifuta. "Nolle prosequi", mwendesha mashtaka mwenyewe ameliacha. Huku kwetu utakuta pia PBJ (probation before judgment): hakimu ameona kosa lipo lakini amekuweka kwenye uangalizi bila kukutia hatiani. Ukiwa na hiyo, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote, maana uhamiaji wana hesabu yao.

Kwa faini ya kawaida, maelekezo ya fomu yanasema huhitaji kuambatisha karatasi kama hukukamatwa, hapakuwa na pombe wala dawa za kulevya, na adhabu ilikuwa faini chini ya dola 500 au pointi kwenye leseni. Lakini swali unalijibu ndiyo. Na mimi nilibeba nakala yangu yenye muhuri, afisa akaitazama sekunde tatu.

Bi Mkubwa wa Iowa
Nimeipata! Matairi, ulisema kweli, ilikuwa kaunti ya jirani, kwa hakimu mdogo. Kwa jina haikutoka hata kidogo. Nikatoa leseni ya zamani kwenye boksi la picha, nikaingiza namba yake, ikaja. Naitwa Mwanaidi. Ile fomu ya leseni nilijaza mwenyewe, nikaacha nafasi katikati. Miaka yote hii nipo kwenye kumbukumbu za Texas kama Idi, Mwana.