Wakuu, naombeni ushauri: nibaki na mwenzangu wa dabo au nianze upya na mwingine?

MkonoWaNyuma (mleta mada)
Habari zenu wanajukwaa. Nacheza badminton ya kulipwa, upande wa wawili wawili. Ndiyo kazi yangu, sina nyingine. Mwenzangu nimetoka naye mbali, tangu mashindano ya vijana. Tumepanda ngazi kwa ngazi mpaka tukafika Super 300, na sasa hata Super 500 tunaingia bila kupitia mchujo (hizo ni ngazi za mashindano ya ziara ya dunia, namba ikipanda na shindano ni kubwa zaidi). Tatizo ni kwamba matokeo yetu yamesimama. Kuna mchezaji mwingine, kijana, ana smashi nzito, mwenzake kastaafu. Kocha anaona tukiunganishwa tutaendana. Ila mnajua pointi za dunia ni za jozi, si za mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nikihama naanza chini. Nibaki au nihame? Usingizi umeniruka, naombeni msinitukane.

Zuwena_K
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa hapa.

Pesa Kwanza
Mkuu, swali lako silo. Swali ni kwa nini uko kwenye dabo. Kwenye mashindano makubwa ya ziara ya dunia, Super 750 na Super 1000, bingwa wa mchezo wa mmoja mmoja anachukua asilimia 7 ya fungu lote la zawadi. Jozi bingwa inachukua asilimia 7.4, halafu mnagawana. Yaani wewe unaondoka na 3.7 kwa jasho lile lile. Hamia singo.

Mzee wa Kona
Pesa Kwanza, singo haihamiwi kama unahama chumba. Ni miguu mingine na mapafu mengine kabisa. Mtu aliyekulia dabo amezoea kinyoya kumrudia haraka, kifuani na begani. Kwenye singo anakimbizwa kona nne peke yake mpaka pumzi imwishie.

Mleta mada, mtazame Hendra Setiawan wa Indonesia. Alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 na Markis Kido. Baadaye akaungana na Mohammad Ahsan, wakawa mabingwa wa dunia 2013 na 2015. Baada ya Olimpiki ya Rio 2016 wakaachana, Hendra akaenda kucheza na Tan Boon Heong wa Malaysia. Haikwenda mbali. Akarudi kwa Ahsan, na mwaka 2019 wakabeba All England, lile shindano kongwe la Uingereza, na ubingwa wa dunia kule Basel. Fainali ya Basel ilichezwa siku Hendra anatimiza miaka 35! Mimi nilisimama sebuleni kama mtoto. Kwa hiyo kuachana si kufa, mnaweza kurudiana. Nenda.

Mama Pacha
Mimi badminton siijui, lakini ndoa naijua. Ukiona mtu anauliza "nibaki au niondoke", moyo wake ulishafunga mizigo. Mwanangu, kaa na mwenzako muongee. Mimi na baba watoto tulikaa kimya mwaka mzima, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, kumbe wote tulikuwa na neno lile lile.

Bi Refa
Samahani, kuna kitu sijakielewa. "Matokeo yamesimama" kivipi? Mnatolewa raundi ya kwanza, au hamchezi kabisa? Hayo ni mambo mawili tofauti.

MkonoWaNyuma
Hatujacheza kwa muda. Mwenzangu ni majeruhi.

Bi Refa
Majeruhi wa nini? Mbona tunakuvuta maneno?

MkonoWaNyuma
Kano kubwa ya kisigino ilikatika. Amefanyiwa upasuaji, yuko kwenye mazoezi ya kurudisha mguu. Sikusema mwanzo kwa sababu najua mtakachosema. Lakini sikilizeni na upande wangu. Viwango vinahesabu matokeo 10 bora ndani ya wiki 52. Kila nikikaa, kuna matokeo yetu mazuri yanatimiza mwaka na kufutika. Mguu wa namna hii unaweza kula mwaka. Siku anarudi tutakuta hatuna kitu, na mimi mwenyewe nitakuwa nimeshika kutu. Nikicheza na mwingine, angalau mmoja wetu anabaki na makali. Hilo linamsaidia hata yeye.

Ustaadhi_Juma
Aliyekubeba ukiwa mzima, umwache akiwa kitandani? Hata kama dunia haisemi, Mungu anaona.

Kiatu cha Ndani
Ustaadhi, hii ni kazi. Kiwanda kikifungwa upande mmoja, wa upande wa pili hawagomi kula. Mleta mada, BWF, shirikisho la badminton la dunia, wana utaratibu wa kumlindia nafasi mchezaji aliyeumia kwa muda mrefu. Mmeomba?

MkonoWaNyuma
Chama kinashughulikia. Ila huo utaratibu ni wa kusaidia kuingia mashindanoni akishapona. Haunipi mimi mechi ya kucheza leo.

Kiatu cha Ndani
Sawa. Na yeye anasemaje kuhusu huyo kijana?

MkonoWaNyuma
Hajui bado.

Bi Refa
Hajui. Haya, na wewe umeshajisajili popote na huyo kijana?

MkonoWaNyuma
Jina limepelekwa, ndiyo. Shindano moja tu. Dirisha la kufuzu Olimpiki linakaribia na nafasi za dabo ni jozi 16 kwa kila aina ya dabo, dunia nzima. Nchi haipeleki jozi mbili mpaka zote mbili ziwe ndani ya nane bora. Ningesubiri baraka za kila mtu, tarehe ya mwisho ya kupeleka majina ingenipita. Sijamwacha. Nimejisajili tu.

Mama Pacha
Mwanangu, "nimejisajili tu". Hata mahari hutolewa hivyo hivyo, "nimepeleka barua tu".

Ukweli Mtupu
Wakuu, mnamwaga ushauri kwenye chai. Mtu anayecheza Super 500 ana kocha, ana chama, ana daktari wa timu. Aje kuuliza huku kwetu ambao wengi hatujawahi kuvuka mstari wa uwanja? Tena habari inakuja kwa mafungu: kwanza matokeo, halafu majeruhi, halafu usajili. Kesho atatuambia mwenzake ni mume wake. Mtunzi huyu, anatuandalia tamthilia.

Zuwena_K
Hata mimi nimeanza kushtuka. Na mimi ndiye niliyewahi kiti cha mbele!

Pesa Kwanza
Jamani mimi nilitoa asilimia kwa moyo safi.

Mzee wa Kona
Msimhukumu haraka. Mchezaji mwenye kocha ndiye asiye na wa kumwuliza. Kocha ndiye aliyetoa wazo, atamwuliza nani? Mimi nitampima kwa swali moja. Mkuu, siku kano ilipokatika ulikuwa umesimama wapi, na uliona nini?

MkonoWaNyuma
Nilikuwa nyuma. Alikuwa ameanzisha kwa mkono wa nyuma, sevu fupi, akabaki karibu na wavu kama kawaida yake. Wapinzani wakanyanyua kinyoya juu kwenye kona yangu, nikakipiga chini, wakakirudisha chepesi katikati. Kile kilikuwa chake. Akasukuma mguu kukifuata. Nikasikia mlio mkavu, paa. Kinyoya kikaanguka na yeye hakukiangalia. Aligeuka akaniangalia mimi, kwa hasira kabisa, akauliza, "Mbona unanipiga?" Alidhani raketi yangu imempiga kisigino. Nilikuwa mbali naye, sikuwa hata nimeshusha mkono. Nikamwonyesha raketi yangu, namwambia sijakugusa. Hapo ndipo alipojaribu kusimama kwenye ule mguu.

Ukweli Mtupu, mwenzangu si mume wangu wala ndugu yangu. Ila ule uso aliogeuka nao ndio unaonifanya nishindwe kumpigia simu. Niliwahi kumwambia "sijakugusa" nikiwa nasema kweli.

Bi Refa
Namwamini. Ninayemhudumia jeraha hilo mara nyingi huniambia hivyo hivyo, kwamba alidhani amepigwa teke kwa nyuma. (Natibu viungo, ndiyo maana nilikuwa nang'ang'ania.)

Ukweli Mtupu
Hata mimi ningeweza kuisoma hiyo mahali. Lakini sawa, naondoka kwenye uzi wa watu.

Kiatu cha Ndani
Kabla hatujaendelea kubishana kama ni kweli au la: mleta mada, unajua kwamba orodha ya washiriki huwekwa wazi mtandaoni muda wa kupeleka majina ukifungwa? Mtu yuko nyumbani, mguu juu, simu mkononi siku nzima. Unadhani anaangalia nini?

MkonoWaNyuma
Imetoka leo.

Kiatu cha Ndani
Basi acha kutuandikia sisi. Mpigie sasa hivi. Usimtumie ujumbe.

Ustaadhi_Juma
Na umwombe radhi kwanza, habari za Olimpiki baadaye.

Mzee wa Kona
Mimi bado nasema uende ukacheze. Lee Yang na Wang Chi-lin wa Taipei ya China (yaani Taiwan) kila mmoja alikuwa na mwenzake mwingine, wakaunganishwa 2019, wakachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo na tena Paris. Jozi mpya inaweza kukamata haraka. Ila mwenzako asikie kutoka mdomoni mwako.

MkonoWaNyuma
Nimempigia. Ameshaiona orodha tangu asubuhi. Hakupiga kelele. Ameuliza mbele atacheza nani, nikamwambia mimi. Akasema sevu yangu fupi inapanda sana, huyo kijana atauawa kule nyuma, niende keshokutwa kliniki akimaliza mazoezi ya mguu, nije na raketi. Sijui kama amekubali au anataka kunisema uso kwa uso. Jina sijaliondoa.

Bi Refa
Nenda. Na mwulize daktari wake lini mguu utapimwa tena, uandike tarehe hiyo kwenye ratiba yako pamoja na mashindano.