Waya wa mashine ya kukatia ua umechanwa na meno yake: nifunge tepu ama niubadilishe?

Mtunza bustani, Nyali

Asalaam alaykum. Jana nikipunguza ua wa bogenvilia, waya wa mashine uliingia kwenye meno. Ganda limechanika shubiri mbili kutoka mpinini na shaba inaonekana. Ajabu ni kwamba mashine bado inanguruma. Mwenzangu asema niuzungushie tepu nyeusi niendelee, maana mwenye nyumba anarudi Ijumaa. Mashine ni ya wati 600, na kibati chake kina alama ya mraba ndani ya mraba. Ndani naona nyaya mbili tu, kahawia na buluu. Kukosa athi, yaani waya wa ardhini, ni kasoro?

Fundi wa Tudor

Waalaykum salaam, mwanangu. Chomoa plagi ukutani kwanza; kuzima swichi peke yake hakutoshi. Na hiyo tepu iache.

Mwaka jana nililetewa mashine ya nyasi kutoka Kisauni, imefungwa tepu vizuri kabisa, mizunguko minne mitano. Nilipoivua, gundi ilikuwa imeyeyuka kwa jua, yaninata vidoleni kama utomvu wa fenesi. Chini yake shaba nyeusi, na pembeni imeota ukijani. Hewa yetu ina chumvi, na umande ukishaingia chini ya tepu hautoki. Kijana aliyekuwa akiitumia alisimama pekupeku kwenye nyasi mbichi, akarushwa. Alhamdulillahi yu hai.

Athi isikutie wasiwasi. Ule mraba ndani ya mraba maana yake mashine imekingwa mara mbili, imeundwa bila athi. Usiiongeze.

Kwa kuwa palipochanika ni karibu na mpini, kata kipande chote kibovu uufupishe waya. Fungua skrubu za mpini, na kabla ya kulegeza chochote piga picha kwa simu. Shaba ikiwa nyeusi, endelea kukata hadi ing'ae. Kahawia irudi ilipokuwa, buluu vivyo hivyo. Mafundi wengi wanaponikera ni hapa: wanatupa ile shingo ya mpira na kile kibano cha waya. Virudishe! Kibano kishike ganda la nje, ili waya ukivutwa uzito usiende kwenye skrubu za ndani.

Ukiona ganda limepasuka kwingine pia, nunua waya mpya wa mpira, wa nyaya mbili. Wati 600 kwa volti 240 ni ampea 2.5, basi unene wa milimita mraba 0.75 unatosha. Fyuzi ya plagi iwe ya 3. Ikiungua mashine inapoanza, weka ya 5. Ya 13 ni kubwa mno kwa waya huo. Hata hivyo fyuzi hulinda waya, wewe haikulindi. Kinachokulinda ni ile swichi inayokata stima ikivuja miliampea 30. Muulize mwenye nyumba kama anayo.

Mama wa Bamburi

Fundi, wangu ulikatika katikati ya ekstensheni. Nikaunganisha kwa plagi na soketi ya njiani. Ni sawa?

Fundi wa Tudor

Dada, angalia upande. Soketi yenye matundu itoke ukutani, plagi yenye meno itoke kwenye mashine. Ukigeuza, ikichomoka nyasini yale meno yana stima wazi, na mtoto atayashika. Tena iwe ya kutumika nje, isiyoingiza maji.

Mtunza bustani, Nyali

Ami, nimeifungua jioni hii. Waya wa buluu ulikuwa umebaki na nyuzi tatu za shaba, nyembamba kama nywele, ndizo zilizokuwa zikiendesha mashine yote. Nimekata shubiri tatu. Kibano nimekirudisha. Niijaribu sasa?

Fundi wa Tudor

Bado. Plagi ikiwa nje, swichi ya mashine ikiwa imebanwa, weka mita ya umeme kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani: ncha moja kwenye meno ya kukatia, nyingine kwenye kila jino la plagi. Isionyeshe njia yoyote ya stima kupita. Kisha uvute waya kwa nguvu uone kama unateleza.

Mtunza bustani, Nyali

Mita imetulia, waya hauchezi. Kesho nikimalizia ua, waya naupitisha begani, ukae nyuma yangu.