Muuza kamera kanitukana macho yangu mbele ya duka zima!!!

Babu_wa_Filamu:
Wanajamvi, naandika mikono ikitetemeka. Yule bwana wa kamera Kariakoo, mnamjua wote, sina haja ya kumtaja. Leo kanivua nguo hadharani.

Nimeingia kistaarabu, nikaulizia kioo cha kusahihisha macho cha Nikon FM2, kile kiduara cha kufunga nyuma unapochungulia. Kamera ya 1982 haina kigurudumu cha dayopta, kile cha kurekebisha uoni wa jicho, kama hizi za vijana. Nikivaa miwani, pembe za picha sizioni. Nikivua, kile kiduara cha katikati kilichokatwa nusu, ambacho mstari ukiungana ujue fokasi imekaa, mstari wenyewe nauona umeota manyoya!

Jamaa hakujibu. Kaivua kamera JICHONI KWANGU, kachungulia yeye, halafu kwa sauti ya mnada: "Mzee, kamera nzima, mbovu ni wewe. Panda ghorofani kuna duka la miwani."

Mbovu ni mimi! Kuna kijana alikuwa na boksi kichwani, akalitua chini kwanza ndipo akacheka vizuri. Kicheko kimefika Ubungo kabla yangu.

Mtoto_wa_Temeke:
Shikamoo babu. Sasa hapo kakosea wapi? 😂😂

Lenzi_Kavu:
Mkuu, picha ya mle ndani imepangwa ionekane kama iko mita 1 hivi mbele yako, ndiyo maana mtu akipita umri wa miaka 40 inaanza kusumbua. Weka miwani ya kusomea ya bei chee kati ya jicho na kamera, badilisha namba (nguvu ya miwani) mpaka mstari ukae. Ila namba za vioo vya Nikon zimeshahesabu dayopta -1 ya kamera yenyewe, usilinganishe moja kwa moja. Na kama una astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mviringo sawa, kioo hicho hakitakusaidia.

Babu_wa_Filamu:
Ahsante mwanangu, lakini mimi nasema KAIVUA JICHONI. Kamba bado iko shingoni! Kanivuta na shingo!

Dada_Picha:
Afadhali yako. Mimi mdogo wangu kachezea kigurudumu cha dayopta, nikapiga sendofu nzima kwa lenzi ya kuzungusha fokasi kwa mkono, f/1.4, yaani tundu wazi kabisa na fokasi nyembamba. Bibi harusi katoka ukungu, keki ya nyuma yake imekaa fokasi hadi punje za sukari. Wanataka hela yao.

Lenzi_Kavu:
Usikisingizie kigurudumu peke yake. Kioo cha kuchungulia cha DSLR, hizi kamera za kidijitali zenye kioo ndani, f/1.4 hakikuonyeshi, unachoona ni kama f/2.8, unadhani imekaa kumbe bado. Washa skrini ya nyuma, kuza jicho la mtu, ndipo uzungushe.

Dada_Picha:
Nikuze jicho na MC anapiga kelele "mpiga picha sogea"?

Kaka_Drone:
MC msiniambie! Na zile taa za zambarau za ukumbini nani kazileta? Watu wote wanatoka rangi ya bilinganya.

Mtoto_wa_Temeke:
Na kamati inakupa chakula saa saba usiku, wali mkavu, nyama hakuna.

Babu_wa_Filamu:
Jamani, mada ni JICHO LANGU. Na lile boksi. Alilitua chini kabisa!

Kaka_Drone:
Babu pole. Dada, ukumbi gani huo wa saa saba? Kama ni ule wa Sinza, mimi hata soda sikupewa.