Tumeuziwa Alaska ya Julai mwanzoni mwa Aprili, na sasa tunadaiwa kioo

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyetaka kusoma apite kimyakimya.

Wabongo na Wakenya wa Seattle na Tacoma wengi mnalijua lile kundi la WhatsApp la safari za wikiendi. Mwenye kundi simtaji jina, wanaomjua wameshamjua. Februari alirusha tangazo: "Wikiendi ya uvuvi Alaska, Ijumaa mpaka Jumapili, gari, malazi, boti na leseni vyote ndani." Dola 780 kwa kichwa, tiketi ya ndege juu yako. Tukalipa watu sita. Safari imefanyika mwanzoni mwa Aprili, na Jumanne hii huyo mwenye kundi, tunayemwita kaka mkubwa, ametuandikia kila mmoja aongeze dola 90 kwa sababu kioo cha mbele cha gari kimepasuka.

Dola tisini. Juu ya kuangalia theluji.

Tuanze na picha za tangazo. Ya kwanza, dubu amesimama juu ya maporomoko, mdomo wazi, samoni anamrukia mwenyewe. Wakuu, pale ni Brooks Falls, hifadhi ya Katmai. Hakuna barabara ya kufika kule! Watu wanakwenda kwa ndege ndogo za kutua majini au kwa boti, na dubu wanajazana Julai samoni wakipanda mto. Aprili dubu wengine ndio kwanza wanatoka usingizini. Picha ya pili, mzee kapakata samoni saizi ya mtoto wa darasa la pili. Huyo ni samoni mfalme, na mto wa Kenai ndiko alikovuliwa aliyevunja rekodi ya dunia ya kuvua kwa ndoano mwaka 1985, ratili 97 na ushei, yaani kama kilo 44. Lakini miaka ya karibuni serikali ya jimbo imekuwa ikifunga uvuvi wa samoni mfalme katika mto huo kwa sababu wamepungua mno. Kwa hiyo jamaa katuuzia samaki ambaye hata msimu wenyewe ukifika huenda usiruhusiwe kumgusa. Ya tatu ni "jua la usiku wa manane", ambalo ni la kiangazi. Mwanzoni mwa Aprili kule jua linazama kabla ya saa tatu usiku, kisha baridi inakuingia mpaka kwenye meno.

Akaongeza na maneno ya kutuvuta sisi watu wa pwani: "Mtavua kwa wavu kama nyumbani." Uvuvi wa wavu wa mkono pale mdomoni mwa mto Kenai upo kweli, lakini unafunguliwa tarehe 10 mpaka 31 Julai, na ni kwa wakazi wa Alaska peke yao. Sisi wenye leseni za udereva za jimbo la Washington tungeingiza wavu majini tungelala ndani.

Haya, safari. Jumamosi asubuhi tunaondoka Anchorage na gari alilokodi kwa mtu binafsi. Nikatazama tairi: za kiangazi, na zimelika. Watu wa kule wakati huo bado wanatembelea tairi za misumari, yaani zenye vichuma vya kung'ata barafu, sheria inawaruhusu mpaka mwisho wa Aprili, na mtu hanunui misumari kwa urembo. Nikamwambia. Akajibu, "Dogo tulia, nimeendesha Chicago."

Barabara yenyewe sina ugomvi nayo. Ukitoka Anchorage unafuata mkono wa bahari unaoitwa Turnagain, milima imesimama kushoto, maji kulia, vipande vya barafu vichafu vimetapakaa ufukweni. Kama ningelipia kuangalia dirishani ningesema hela imekwenda halali. Lakini tulipoegesha, kaka mkubwa akawaruhusu vijana wawili washuke kwenye tope wakapige picha maji yalipotoka. Lile tope la kijivu ni unga wa mawe yaliyosagwa na barafu za milimani. Kwa juu linaonekana gumu, ukisimama mguu unadidimia, linakubana na hutoki kwa nguvu zako. Bahari pale kati ya kupwa na kujaa inaweza kupishana zaidi ya mita tisa, na ikianza kurudi inarudi kwa kasi. Mzee mmoja mwenyeji alisimamisha gari lake katikati ya barabara, akapiga honi mfululizo, akatoka anatukana. Vijana wakarudi wamepauka, mmoja kiatu kimebaki. Kiongozi wa msafara anacheka, anarekodi video.

Juu kwenye Turnagain Pass, barabara inapopita katikati ya milima, theluji ilikuwa bado inampita mtu urefu kandokando ya barabara, na gari likateleza kwenye kona kama sabuni. Hapo wote tukanyamaza, hata muziki ukazimwa.

Cooper Landing ndiko kulikokuwa na "boti na nyumba ya wavuvi". Tulikuta mnyororo getini. Theluji iliyoporomoka kutoka bati imefika nusu ya dirisha, na ubao umeandikwa kwa mkono kwamba wanafungua Mei. Jamaa akapiga simu iliyoko kwenye ubao, haikupokelewa. Akapiga tena, kana kwamba theluji itamwonea huruma. Tulikuwa na mama mmoja wa Mombasa, mtu mzima, kaja na jaketi la mkwewe. Akamwambia taratibu kabisa: "Mwanangu, mie nimezaliwa Likoni. Maji ya kutazama ninayo kwetu. Samaki wako wapi?" Kaka mkubwa: "Mama, Alaska ni hewa."

Ni hewa, anasema.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Aprili ya kule siyo kwamba haina kitu. Mto Kenai unapotoka ziwa Skilak maji hayagandi kirahisi, na wenyeji wanavua trauti, samaki wa jamii ya samoni, hapo wakiwa na vibanzi vya barafu kwenye pete za fimbo ya kuvulia. Kule juu ya mto uvuvi unafungwa Mei mwanzoni mpaka tarehe 10 Juni ili trauti wazaliane, kwa hiyo Aprili bado dirisha liko wazi. Mji wa Seward kuna boti zinazopeleka watu kuona nyangumi wa kijivu wanaopita kuelekea kaskazini. Homer wanavua samoni wafalme wa baharini hata wakati wa baridi. Mtu anayejua kazi yake angetuuzia hayo, kwa bei hiyohiyo, na leo ningekuwa naandika uzi wa kumsifia. Huyu hakujua hata kimoja. Alichukua picha mtandaoni na kalenda hakuitazama.

Homer tulifika. Ule ulimi wa ardhi unaoingia baharini kilomita kama saba ni mahali pazuri, milima ng'ambo ya ghuba, tai wamekaa juu ya nguzo wanangoja makombo. Vibanda vya mbao vya kuuzia safari za kuvua halibuti, samaki bapa wa kule, vingi vimepigiwa mbao madirishani. Tukakuta nahodha mmoja anaosha boti, ametoka kuvua siku hiyohiyo. Ndipo kaka mkubwa, mbele yetu, bila aibu, anaanza kumuuliza bei! Yaani boti "iliyolipiwa tangu Februari" inatafutwa gatini saa kumi jioni. Nahodha akauliza leseni zetu. Tukamtazama mwenye kundi, mwenye kundi akatazama simu. Wakuu, leseni ya uvuvi ya Alaska inanunuliwa mtandaoni, kwa jina la kila mtu, unamaliza kabla chai haijapoa. Hakuwa amenunua hata moja. Nahodha akaturudisha kwa adabu, kesho yake boti ilikuwa imejaa.

Tukalala Soldotna, moteli, watu sita vyumba viwili. Mama wa Mombasa tulimwachia kitanda, sisi wengine sakafuni. Chakula cha usiku ni mikate ya kituo cha mafuta.

Jumapili ndiyo akaja na wazo la Whittier, "pale boti hazikosi". Kufika Whittier kwa gari unapita handaki la njia moja, kilomita nne ndani ya mlima, magari na treni wanapeana zamu. Kwenda Whittier wanafungua mara moja kwa saa, ikifika na nusu, dakika kumi na tano hivi, basi. Ratiba iko wazi, mtoto wa shule anaisoma. Sisi tumefika saa saba kasoro kumi, geti limefungwa usoni mwetu, tukakaa mpaka saa saba na nusu mvua ya theluji inatupiga. Ushuru wa handaki akatuchangisha. Ng'ambo tukakuta bandari imetulia, na lile jengo la ghorofa 14 ambalo karibu mji mzima unaishi humo. Boti zipo, kweli, zimefungwa kamba. Tukageuka kuwahi uwanja wa ndege.

Kioo? Kilipasuka tukirudi Anchorage. Majira ya baridi barabara zile zinamwagwa kokoto ili magari yasiteleze, theluji ikiyeyuka kokoto zinabaki, lori likikupita zinakurukia. Tulimwambia tangu Jumamosi aache kuyakimbiza malori. Mwenye gari anadai kioo, halali yake. Lakini aliyesaini mkataba ni nani? Aliyeshika usukani ni nani? Aliyekataa bima ya kioo kuokoa dola chache ni nani? Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nimepakata begi la mtu.

Nimemwandikia arudishe hela ya boti na leseni, sikudai hata ya malazi. Akanitoa kwenye kundi. Benki nao wanasema nilituma kwa hiari yangu kwa njia ya simu, kama mtu anayemtumia ndugu, hawawezi kuirudisha.

Na tangazo la Juni limeshapanda, dubu yuleyule. Walioshalipa humu, mwombeni leo jina la boti, namba ya nahodha na leseni yenye jina lako. Akikupa vyote vitatu njoo unisute hapahapa.

Wewe kaka najua unasoma, una akaunti humu. Dola 90 sitoi. Hela yangu naitaka kufikia Ijumaa, la sivyo napandisha meseji zote, pamoja na ile sauti uliyomtukana mama wa watu.