Mwanangu yuko AP English Language, mwalimu kaleta karatasi sita za masharti. Nitie sahihi?

Mama Idrisa (Columbus, Ohio)

Salaam ndugu zangu. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, nivumilieni nikirefusha.

Mwanangu wa kwanza ameingia darasa la 11 na amechukua somo la AP English Language and Composition (AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari). Hii ni wiki ya tatu. Mwalimu ameleta karatasi sita za masharti, mzazi na mtoto watie sahihi, mwisho Ijumaa. Ijumaa hiyohiyo ndiyo mwisho wa kuhamia Kiingereza cha kawaida. Nimezisoma mara mbili, kalamu nimeishika tu.

Mengine sina neno nayo. Kazi ikichelewa inakatwa asilimia 10 kwa siku, siku ya nne ni sifuri. Kila wiki mbili insha ya dakika 40 darasani. Sawa.

Lakini kuna hili la kuandika kila kitu ndani ya Google Docs, programu ya mtandaoni inayohifadhi kila badiliko, tangu sentensi ya kwanza, ili mwalimu aone insha ilivyokua. Aya ikibandikwa nzima, inachukuliwa kuwa ya akili mnemba mpaka mtoto athibitishe ni yake. Idrisa huanza kwenye daftari, nimemlea hivyo mwenyewe. Juzi aliandika kwenye daftari, akanakili kwenye simu akiwa ndani ya basi, alipofika nyumbani akabandika. Maneno 600 kwa mpigo mmoja. Mwalimu akanipigia niko kazini, nimeshika trei ya dawa za wazee. Nilitetemeka. Mwanangu sijawahi kumshika kwa uongo.

Kuna pia alama za mjadala. Wanakaa duara, wanazungumza, mwalimu anaandika nani kasema nini. Idrisa kapata 6 kwa 10 kwa sababu alinyamaza. Sisi kwetu Tanga mtoto hadakii maneno ya watu, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Linaloniuma zaidi ni insha ya kwanza. Swali lilikuwa kama subira inastahili sifa zote inazopewa. Mwanangu akaandika "Subira huvuta heri", akaitafsiri vizuri kabisa, akaendelea na aya nyingine. Pembeni mwalimu kaandika kwa kalamu ya kijani: nani alisubiri? Heri gani ilikuja? Nieleze. Akampa 3 kwa 6. Mimi nilisoma Tanga, na insha ikianza kwa methali mwalimu wetu alikuwa anaisoma mbele ya darasa.

Nauliza: mwalimu huyu hajui uzito wa methali, au mwanangu somo limemzidi? Na jambo jingine. Karatasi inasema mtu mwingine asimsahihishie mtoto. Mimi humwambia anisomee kwa sauti jikoni, nikisikia pamekwama namwonyesha. Huo nao ni udanganyifu?

Mwalimu wa Zamani (Minnesota)

Mama Idrisa, pole na zamu. Nilifundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule ya upili Kisumu miaka 14 kabla ya kuja huku, kwa hivyo swali lako limenigusa.

Tuanze na methali. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari kule Kenya, karatasi ya Insha ya Kiswahili, 102/1, swali la methali lina sheria ambayo kila mtahiniwa anaijua: hutaji methali ukaenda zako. Unatunga kisa, na kisa lazima kitimize pande zote mbili. Ukiniletea "subira huvuta heri", nataka nimwone anayesubiri, kisha niione heri ikifika. Ukionyesha upande mmoja pekee, nakukata alama. Kwa hivyo hayo maneno ya pembeni ndiyo ningeandika mimi mwenyewe. Idrisa hakukosea kuleta methali. Aliikaribisha nyumbani akaiacha imesimama mlangoni.

Sasa zile alama 6 zimegawanywa hivi: 1 ya hoja kuu, 4 za ushahidi na maelezo, 1 ya upevu wa fikra. Aliyepata 3 kwa kawaida ana hoja yake, ana ushahidi kiasi, ila hajaeleza ushahidi huo unathibitishaje anachodai. Hapo kwenye zile 4 ndipo shamba lilipo. Wazazi wengi hudhani darasa hili ni la misamiati mikubwa, mtoto anakaririshwa maneno usiku kucha. Nimeona mtoto mwenye Kiingereza cha kawaida kabisa akimpita mwenzake mwenye maneno ya kamusi, kwa sababu kila alichokitaja alikaa nacho, akakieleza, akakirudisha kwenye hoja yake.

Na ujue wanakoelekea. Mtihani wenyewe ni Mei. Saa nzima ya maswali 45 ya kuchagua, yenye asilimia 45 ya alama. Kisha saa 2 na dakika 15 za insha tatu, zenye asilimia 55: moja ya kujenga hoja kutokana na vyanzo wanavyopewa, ambapo lazima atumie visivyopungua vitatu, moja ya kuchambua balagha, yaani mwandishi au mzungumzaji fulani aliwashawishi watu kwa njia gani, na ya tatu ndiyo kama hiyo ya subira, hoja yake mwenyewe, ushahidi autoe kichwani. Mtoto aliyezoea kuandika polepole nyumbani atazama pale. Hizo dakika 40 za kila wiki mbili ni za kumwokoa.

Kuhusu jikoni, endelea kumsikiliza. Ila ukisikia pamekwama usimpe neno. Muulize, "hapa ulitaka kusema nini?" Akikujibu kwa mdomo, mwambie aandike hilo alilokujibu.

Baba Pendo (Dallas)

Mimi nitasema tofauti kidogo. Dada, kabla hujatia sahihi, hesabu saa za mtoto. Pendo alichukua AP tatu kwa mkupuo darasa la 11: hii ya Kiingereza, historia ya Marekani na kemia. Kufikia Oktoba alikuwa haendi kulala mpaka saa nane usiku. Shule haikuniambia kitu, alama zilikuwa nzuri. Niliyaona macho yake tukiwa kanisani. Tukaiondoa kemia, Kiingereza tukakibakisha, na sijutii. Kama Idrisa ana hii moja tu, mwache. Kama anazo nyingi na bado anawalea wadogo zake ukiwa zamu, kaa naye chini.

Halafu ada ya mtihani ni karibu dola 100, na kujiandikisha ni mapema, Novemba. Wenye kipato kidogo hupunguziwa, lakini lazima umuulize mshauri wa shule. Mimi mwaka wa kwanza nililipa yote kwa kutouliza.

Zuhura_H (Houston)

Shikamoo mama Idrisa. Mimi nilifanya mtihani huo Mei 2022, kwa kalamu na karatasi. Siku hizi wanafanya kwenye kompyuta, kwa programu ya Bluebook, kwa hiyo kule kuchapa moja kwa moja anakolazimishwa kunamfaa.

Daftari asiliache, tafadhali. Mimi pia siwezi kufikiri bila karatasi. Apige picha za kurasa za daftari, aziweke juu kabisa ya hati yake ya Google Docs kabla hajachapa neno lolote, kisha achape mwenyewe akitazama daftari. Akichapa atabadilisha sentensi tu, huwezi kunakili bila kubadilisha, na mabadiliko hayo ndiyo mwalimu anayotaka kuyaona. Hilo daftari la maneno 600 alipeleke kwa mwalimu kesho. Lenye mistari iliyokatwakatwa. Hakuna mashine inayokata mistari vile.

Kwenye duara nilikuwa kama yeye, wazazi wangu ni wa Pemba. Mwalimu wangu alinionyesha kwamba si lazima kumkatiza mtu. Unasubiri mwenzako amalize, unasema "umetaja jambo hili, nataka kukuuliza", unauliza. Swali linahesabiwa mchango. Niliingia na maswali mawili niliyoyaandika usiku, nikatoka na 9.

Mtihani nilipata 4 kati ya 5, na chuo changu kikanisamehe somo la kuandika la mwaka wa kwanza. Vyuo haviko sawa katika hilo, kila kimoja kina kiwango chake, aangalie cha anakotaka kwenda. Mwisho, asome upya zile karatasi sita kama zinaruhusu kuandika insha upya. Yetu iliruhusu.

Mama Idrisa

Marahaba mwanangu Zuhura, Mungu akuzidishie. Mwalimu, Baba Pendo, asanteni sana.

Ninawapa marejesho. Jana niliomba ruhusa kazini saa moja, nikaenda na Idrisa shuleni na lile daftari. Mwalimu alilifungua kurasa zote, taratibu, hata ukurasa ambao Idrisa alikuwa amechora gari. Akaniambia kosa halitaandikwa popote, lakini kuanzia sasa picha kwanza, kuchapa baadaye. Nilimuuliza habari ya jikoni. Akasema kumsikiliza mtoto akisoma kunaruhusiwa, na ataliongeza kwenye karatasi kwa sababu kuna wazazi wengine waliouliza. Na ukurasa wa tano, Zuhura, umo: kila muhula insha moja inaweza kuandikwa upya, ila mtoto akae kwanza na mwalimu waipitie pamoja. Sikuuona kwa sababu ya usingizi. AP anayo hii moja tu, Baba Pendo. Nimetia sahihi.

Amechagua kuandika upya ile ya subira. Nikamsomea alichoandika Mwalimu kuhusu kisa na pande mbili. Akanyamaza, akaniuliza kile kiwanja cha bibi kule Tanga kilinunuliwa vipi. Nikamwambia kwa fedha za maandazi, kidogokidogo, miaka minne. Akasema "miaka minne kuanzia lini? Alikuwa anauza mangapi kwa siku? Na aliyemuuzia hakubadilisha bei?" Sikuwa na majibu. Mimi binti yake sikuwahi kuuliza.

Leo Jumamosi saa tatu asubuhi kwetu, kwao saa kumi jioni, amempigia. Bibi yake anacheka, anamwambia asiandike kwamba maandazi yalikuwa madogo. Idrisa ameshika daftari, ameuliza mara ya pili ule mwaka ambao muuzaji alitaka kumpa mtu mwingine kile kiwanja.