Tupeane uzoefu: ulifanya nini pikapu yako ikavuta tela vizuri na kupunguza ulaji wa mafuta?

Mvuta Tela
Wakuu, heshima kwenu. Nina pikapu ya dizeli yenye tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), gia za mkono, na kazi yake kubwa ni kuvuta tela la ekseli mbili. Ikiwa tupu haina neno. Nikishafunga tela, mlimani inachoka na mafuta yanakwenda mbio. Nimeshauriwa mengi: kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, kufunga ekzosi kubwa, hata kutembea na geti la nyuma limeshushwa. Kabla sijatoa hela nataka kusikia kwa waliokwishafanya. Niambieni gari lilikuwaje, mkafanya nini, mkaona nini. Na mtaje mlivyopima mafuta, maana mshale wa dashibodi si kipimo.

Safari Ndefu
Mkuu, kwangu kilichosaidia kuliko vyote ni mwendo. Navuta tela lililofunikwa, refu kupita kabini. Kwenye tambarare nilikuwa natembea 100, nikashuka hadi 80. Tangi lilionyesha tofauti kwenye njia ile ile, mzigo ule ule. Sababu ni kwamba upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: toka 80 hadi 100 mwendo umeongezeka kwa robo, lakini upinzani umepanda kwa asilimia 56. Uzito unaulipia zaidi kwenye kuondoka na kupanda mlima, upepo unaulipia kila kilomita. Ndiyo maana anayevuta tela la wazi lenye mchanga anaweza kula mafuta kidogo kuliko mimi mwenye mzigo mwepesi.

Geti usilishushe. Likiwa limefungwa, hewa iliyomo kwenye bodi hujizungusha pale pale, na upepo unaotoka juu ya kabini huteleza juu yake. Ukilishusha unavunja mpangilio huo. Turubai lililokazwa vizuri juu ya bodi ndilo linalosaidia, na si sana.

Spana 17
Matairi yako ni saizi ya kiwandani? Nauliza kwa sababu yangu niliinunua ikiwa imefungwa ya inchi 33 badala ya 31. Inaonekana jambo dogo, lakini tairi likikua hivyo ni sawa na kurefusha gia zote kwa zaidi ya asilimia 6. Ikiwa na tela, gia ya tano haikuwa na kazi kabisa. Nilirudisha saizi yake na gari likaamka. Halafu kuna hili watu hawaliangalii: kwa matairi makubwa, spidomita na kihesabu kilomita husoma pungufu, kwa hiyo hata hesabu yako ya kilomita kwa lita inakudanganya.

Wapo wanaobadilisha uwiano wa difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu), tuseme toka 3.55 kwenda 4.10. Hapo magurudumu yanapata nguvu zaidi kwa asilimia 15 hivi, ila injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na siku unatembea mtupu utalipia. Kama ni 4x4 lazima ubadilishe difu ya mbele na ya nyuma. Kwa anayevuta kila siku naona inalipa. Kwa wengine, kushusha hadi gia ya nne mapema kabla ya mlima kunatosha.

Mama Boti
Wenye otomatiki msisahau joto la giaboksi. Yangu ilikuwa inahangaika kupanda na kushusha gia kila mwinuko. Sasa nikifunga tela nazima ovadraivu (gia ya juu kabisa, ya mwendo mwepesi), inatulia. Nimeongeza pia kipozeo cha oili ya giaboksi. Oili ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, usivute kitu mpaka fundi aiangalie.

Kijana wa Mbao
Wote mnaongelea pikapu, na tela je? Langu lilikuwa linavutika kwa shida, nami nikidhani injini imechoka. Baada ya safari nikasogeza mkono karibu na rimu, bila kugusa: moja lilikuwa la moto kuliko mengine yote. Nikaliinua kwa jeki, nikazungusha gurudumu kwa mkono, likagoma. Breki ilikuwa imebana na beringi imekauka. Fundi akalegeza breki, akabadilisha beringi na kuweka grisi mpya, na mlima ule uliokuwa unanipeleka gia ya pili nikaupanda na ya tatu. Sikugusa injini hata kidogo! Kwa hiyo mkuu, anzia huko.

Tairi la tela likilika upande mmoja, ekseli imepinda au haijanyooka na nyingine. Upepo pima matairi yakiwa ya baridi, na ya tela pia, si ya gari tu.

Na mzigo. Kwa matela mengi ya aina hii, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela inatakiwa ikae kwenye kiungio, pale tela linapofungwa kwenye gari. Tela la kilo 2,000 ni kilo 200 hadi 300, isipokuwa kitabu cha gari au kibao cha kiungio kiwe kimesema chini ya hapo. Ukijaza nyuma, tela linayumba, na mwendo ukiongezeka linaweza kukuangusha. Ukizidisha mbele, pua ya pikapu inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Uzito huo unahesabika kwenye mzigo wa pikapu yenyewe, kwa hiyo ukijaza bodi kisha ukafunga tela unaweza kuvuka kikomo bila kujua.

Moshi Mweusi
Programu nilibadilisha. Nguvu iliongezeka kweli, mafuta hayakupungua, maana nguvu hiyo ukiitumia unaichoma. Lakini kabla ya hapo fundi alikuta mpira wa intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) umepasuka, hewa ya tabo inavuja. Dalili zilikuwa moshi mweusi na kuchoka chini ya mzigo. Mpira mpya ulirudisha nguvu nyingi kwa gharama ndogo. Rudisha kwanza nguvu iliyopotea.

Mvuta Tela
Asanteni sana, hasa kwa hilo la rimu. Mteremkoni je, kuna anayetoa gia kuokoa mafuta?

Spana 17
Usithubutu! Ukiwa kwenye gia na umeachia pedali ya mafuta, injini za kisasa hukata mafuta kwenye nozeli, hazichomi kitu. Ukitoa gia injini inaanza kunywa ili isizime, na breki zinabeba mzigo wote peke yake. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia.

Kupima: jaza mpaka pampu ikate mara ya kwanza, andika kilomita, tembea njia yako na mzigo wako wa kawaida, kisha jaza tena pampu ile ile, gari likiwa limesimama vilevile. Gawa kilomita kwa lita. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.