Vitabu vya kutafuta ukoo: Muriuki, Leakey au ushahidi wa Tume ya Ardhi?

Mjukuu wa Majengo:
Hamjambo wanajukwaa. Natafuta historia ya ukoo wetu. Kwa baba ni Kabete, Kiambu, kwa Wakikuyu. Kwa mama ni Majengo, mtaa wa Pumwani, Nairobi, ambako nyanya alikuwa na nyumba ya kupangisha. Wazee waliobaki ni wachache, na kila msiba unaondoka na majina. Nimetajiwa *A History of the Kikuyu 1500–1900* cha Godfrey Muriuki na *The Southern Kikuyu before 1903* cha Louis Leakey. Pesa zangu zinatosha kimoja. Nichukue kipi?

Karani Mstaafu:
Muriuki. Kilitoka 1974, na msingi wake ni masimulizi ya wazee. Faida yake kubwa kwako ni mariika. Kijana akitahiriwa aliingia katika rika lenye jina, mara nyingi jina la jambo lililotikisa nchi wakati huo, kama njaa au maradhi. Mzee wenu akisema babu yake alikuwa wa rika fulani, ulinganishe na mariika yaliyomo kitabuni, utapata karibu mwaka aliotahiriwa, na kutoka hapo ukadirie alizaliwa lini. Kwa watu wa enzi hizo hakuna cheti cha kuzaliwa, rika ndilo tarehe yao.

Leakey ni juzuu tatu nene. Alikusanya habari kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zikachapishwa 1977, yeye akiwa ameshafariki. Wakikuyu wa Kiambu ndio anaowaeleza hasa, kwa hiyo mila za kwenu zimo: ndoa, ugawaji wa shamba, jinsi mtu wa nje alivyopokelewa katika mbari, yaani ukoo wa babu mmoja. Hizo kazisomee maktabani, sura unazozihitaji tu.

Mama Wambui:
Nakubaliana na Karani, ila mwanangu, usiuache ushahidi wa Tume ya Ardhi ya enzi za ukoloni, iliyoongozwa na Morris Carter. Ulichapishwa 1934, juzuu tatu. Mbari za Kiambu zilipeleka madai ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi, na humo mna majina ya mbari, ya wazee na ya mahali. Kwa mtu wa Kabete, hakuna kitabu kinachokaribia zaidi jina la babu yake.

Kisome kwa uangalifu. Wale watu walikuwa wanadai mashamba yao, na kila mbari ilisimulia kwa namna ya kutia nguvu dai lake. Muhoi, aliyelima kwa ruhusa ya mwenye shamba, hakuwa na dai la kupeleka. Usipoona jina lenu, usiseme hamkuwepo.

Tena kumbuka kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Majina yanarudi kila baada ya kizazi kimoja. Bila rika utawachanganya babu na mjukuu.

Mwana wa Siaya:
Kwa wenzangu Wajaluo: *History of the Southern Luo* cha Bethwell Ogot, 1967. Anapanga nasaba za koo kizazi kwa kizazi, nami nilijifunza humo namna ya kuwauliza wazee. Waluhya watafute cha Gideon Were, pia cha 1967.

Bint Pumwani:
Upande wa mama, vitabu vya kabila havitakufikisha. Majengo ilianzishwa mapema miaka ya 1920. Wanawake wengi walikuja wakajenga nyumba, wakasilimu, wakachukua majina mapya. Jina ambalo nyanya alijulikana nalo hapa huenda halijulikani kabisa alikozaliwa.

Tafuta *The Comforts of Home* cha Luise White, 1990, kilichotokana na mahojiano na wakazi wa zamani. Kinahusu ukahaba wakati wa ukoloni. Nakwambia mapema kwa sababu si kila jamaa atapenda kukiona mezani. Mimi nakiheshimu sana. Kinawaonyesha bibi zetu wakijenga, wakimiliki, wakichagua warithi. Nyumba iliweza kwenda kwa mtu asiye wa damu. Kwa hiyo ukiambiwa fulani alikuwa dadake nyanya, uliza kama ni wa tumbo moja au wa kuchaguana, kisha uandike.

Karani Mstaafu:
Hapo kwenye mirathi, pitia Gazeti Rasmi la Serikali. Matangazo yake hutaja marehemu, makazi, tarehe ya kufariki na waombaji wa kusimamia mali. Matoleo mengi yanasomwa bure kwenye intaneti. Jaribu tahajia zote za jina, makarani tuliandika tulivyosikia. Ukipata namba ya kesi, omba faili mahakamani.

Jumba la Nyaraka pale Moi Avenue liache mwisho. Faili zake zimepangwa kwa wilaya na ofisi, si kwa familia. Nenda ukijua mbari, lokesheni na chifu wa wakati huo.

Mjukuu wa Majengo:
Asanteni sana. Nanunua Muriuki. White na Tume nitasoma maktabani. Jumamosi naenda Kabete kwa ami yake baba, na swali la kwanza ni rika la babake huyo ami. Mama Wambui, nikishalipata, nitakuandikia unisaidie kulitafuta kitabuni.

Mama Wambui:
Niandikie. Na umrekodi akizungumza.